Kusoma msimbo chanzo wa FreeBSD: mwongozo kamili wa kujua kila kitu kimekaa wapi

Ukitaka kuona jinsi amri ya `mkdir` ya Linux ilivyoandikwa, kuanzia juu mpaka kwenye diski, utapita kwenye miradi mitatu. Programu yenyewe iko GNU coreutils, maktaba ya C ni glibc, na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ina ghala lake la msimbo. Kila mradi una watu wake, matoleo yake na taratibu zake.

FreeBSD, mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix, imeshika njia nyingine tangu ilipoanza mwaka 1993. Kerneli, maktaba ya C, amri za kila siku, kipakiaji kinachowasha mashine, kurasa za mwongozo na majaribio, vyote vinakaa ghala moja la Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo. Badiliko moja linaweza kugusa kerneli, maktaba na ukurasa wa mwongozo kwa pamoja. Kwa anayetaka kuuelewa mfumo endeshi mzima, sijui mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Wengi hukata tamaa kwa sababu hufungua saraka ya juu kabisa na kuanza kusoma kutoka herufi ya kwanza. Hutafika. Anza na amri unayoitumia kila siku, uifuate inakoingia. Mti huu wa saraka za msimbo unaruhusu jambo hilo kwa sababu umepangwa kwa kufuata sura ya mfumo uliokwisha kusakinishwa: ukijua kitu kinakaa wapi kwenye mashine, karibu kila mara unajua msimbo wake uko wapi.

Hatua ya 1: Leta msimbo unaolingana na mashine yako

Andika `freebsd-version`. Ikijibu 14.3-RELEASE, basi tawi lako ni releng/14.3. Matawi yako ya aina tatu. Kazi mpya huingia kwanza `main`. Zile zilizokwisha kutulia huhamishiwa `stable/14`. Tawi la `releng/14.3`, toleo likishatoka, hupokea viraka vya usalama na vya hitilafu nzito tu. Usisome `main` huku mashine yako inaendesha toleo la nyuma; utakuta faili zimehama na funksheni zimebadilika, na utapoteza jioni nzima ukitafuta kitu ambacho kwako hakipo.

```
git clone --depth 1 -b releng/14.3 https://git.freebsd.org/src.git /usr/src
```

Sehemu ya `--depth 1` inaacha historia na kuleta hali ya sasa tu. Ghala zima pamoja na historia linazidi gigabaiti moja, na kwa anayetumia bando la simu hilo si jambo dogo. Lakini historia hiyo ni mali. Mradi ulianza na CVS, chombo cha zamani cha kazi hiyohiyo, ukahamia Subversion mwaka 2008, kisha msimbo huu ukahamia Git mwezi Desemba 2020, na kumbukumbu za nyuma zilibebwa zote. Ukitaka orodha ya mabadiliko yote bila kubeba maudhui ya kila faili ya zamani, tumia nakala iliyoko GitHub:

```
git clone --filter=blob:none -b releng/14.3 https://github.com/freebsd/freebsd-src.git
```

Faili za zamani zitaletwa moja moja pale utakapoziomba. Na kama ndiyo kwanza unasakinisha FreeBSD 14, kisakinishi kina orodha ya vipengele. Tia alama kwenye `src` na msimbo utaukuta `/usr/src` mfumo ukiwaka.

Jambo dogo linalowakwamisha wengi: ukinakili kama root kisha ukatumia Git kama mtumiaji wa kawaida, Git itakataa kwa sababu saraka si yako. Nakili kwenye nyumba yako, au ongeza njia hiyo kwenye `safe.directory`.

Hatua ya 2: Ishike kanuni ya nukta

Chukua njia ya programu kwenye mashine, uigeuze hivi:

```
/bin/ls             bin/ls
/sbin/ifconfig      sbin/ifconfig
/usr/bin/grep       usr.bin/grep
/usr/sbin/cron      usr.sbin/cron
/usr/libexec/getty  libexec/getty
```

Mkwaju ulio kati ya `usr` na `bin` au `sbin` unakuwa nukta, na `/usr/libexec` inaacha `usr` yake, basi. Na hata hilo huhitaji kulikumbuka, kwa maana `whereis` ya FreeBSD inatafuta msimbo pia:

```
$ whereis mkdir
mkdir: /bin/mkdir /usr/share/man/man1/mkdir.1.gz /usr/src/bin/mkdir
```

Mgawanyo wa `bin` na `usr.bin` una sababu ya zamani ambayo bado ina kazi. Diski ya mwanzo ilikuwa ndogo na `/usr` ilikaa diski nyingine, kwa hiyo kila kilichohitajika kuwasha mashine na kuitengeneza ikiharibika kiliwekwa `/bin` na `/sbin`. Programu za humo zinatakiwa zifanye kazi hata kama `/usr` haijaunganishwa, ndiyo maana maktaba wanazozitegemea husakinishwa `/lib`. Saraka ya `rescue` inakwenda mbali zaidi: inatengeneza nakala za amri muhimu zisizotegemea maktaba yoyote ya nje.

Maktaba ziko `lib`. Ile ya C ni `lib/libc`, ya nyuzi ni `lib/libthr`. Ya hisabati, ile unayoiita kwa `-lm`, iko `lib/msun`, kwa sababu msingi wake ulitoka Sun Microsystems.

Hatua ya 3: Vijue vinavyokiuka kanuni

Ni vichache, na ukivijua mapema hutahangaika.

Hati za kuwashia huduma zilizoko `/etc/rc.d` zinatoka `libexec/rc/rc.d`, na `/etc/defaults/rc.conf` ni faili ya `libexec/rc/rc.conf`. Kipakiaji, yaani vilivyomo `/boot` mbali na kerneli, kiko `stand`; mpaka mwaka 2017 kilikuwa ndani ya `sys/boot`, kwa hiyo makala za zamani zitakupeleka mahali ambapo hapapo tena.

Kurasa za mwongozo zimegawanyika. Ukurasa wa amri unakaa pembeni ya msimbo wake: `bin/mkdir/mkdir.1` uko saraka moja na `mkdir.c`. Lakini kurasa za draiva (fungu la 4), za maelezo ya jumla (fungu la 7) na za funksheni za ndani ya kerneli (fungu la 9) ziko `share/man`. Hilo fungu la 9 ni hazina. Kabla ya kukisia funksheni fulani ya kerneli inafanya nini, andika `man 9` na jina lake.

Kiukaji kikubwa ni msimbo wa nje, yaani ule ambao FreeBSD inautumia lakini unaandikwa na wengine. Kompaila ya Clang na LLVM nzima iko `contrib/llvm-project`. OpenSSH na OpenSSL ziko `crypto`. ZFS iko `sys/contrib/openzfs`. Ukienda `usr.bin/less` utakuta Makefile (faili ya maelekezo ya kujenga) na vifaili viwili vitatu. Msimbo wa `less` wenyewe uko `contrib/less`, na Makefile inauelekeza huko kwa mstari unaoanza na `.PATH`. Kwa OpenSSH, msimbo ni `crypto/openssh` na Makefile ziko `secure/usr.bin` na `secure/usr.sbin`. Kwa ZFS, Makefile za amri kama `zpool` ziko `cddl/sbin`. Jina la saraka limetokana na leseni ya CDDL; msimbo wenye leseni hiyo umetengwa na ule wa leseni ya BSD kwa makusudi.

Ukiona hitilafu ndani ya `contrib`, peleka marekebisho kwanza kwa wenye mradi. Ukirekebisha huku peke yake, unaacha kazi ya kudumu kwa yule atakayeleta toleo lijalo, kwa sababu kila mara itabidi aunganishe kiraka chako upya.

Hatua ya 4: Soma Makefile kabla ya kusoma C

Fungua `bin/mkdir/Makefile`. Ni mistari michache: mmoja unasema `PROG= mkdir`, wa mwisho unasema `.include <bsd.prog.mk>`. Jinsi ya kukompaili, kusakinisha, kutengeneza ukurasa wa mwongozo, vyote vimeandikwa mara moja ndani ya `share/mk`. Humo mna `bsd.prog.mk` kwa programu, `bsd.lib.mk` kwa maktaba, na `bsd.README` inayoeleza vigezo. Isome hiyo README. Ni ndefu kidogo lakini itakulipa kwa miaka.

Kujenga mfumo mzima kunaongozwa na `Makefile` na `Makefile.inc1` zilizo juu kabisa ya mti. `make buildworld` hujenga kila kitu kisicho kerneli, `make buildkernel` hujenga kerneli, na matokeo huenda `/usr/obj`. Ukurasa wa build(7) unaeleza mpangilio, na src.conf(5) unaorodhesha sehemu unazoweza kuziacha.

Hatua ya 5: Ingia kerneli

Kerneli yote iko `sys`. Zingatia saraka hizi kwanza, nyingine zitakuja zenyewe.

`sys/kern` ni moyo wake, na majina ya faili yana viambishi vinavyokuambia habari. `kern_` ni michakato na mambo ya msingi: `kern_fork.c`, `kern_exec.c`, `kern_jail.c`. `vfs_` ni tabaka la pamoja la mifumo ya faili. `uipc_` ni soketi na mawasiliano kati ya michakato. `subr_` ni funksheni saidizi zinazotumiwa na wengine. Mpangaji wa zamu za kichakato yuko `sched_ule.c`, na kerneli inapoamka, baada ya maandalizi ya aina ya kichakato, huendelea na `init_main.c`.

`sys/vm` ni kumbukumbu. `sys/net` ni violesura vya mtandao, `sys/netinet` ni IPv4 na TCP, `sys/netinet6` ni IPv6, na ngome za moto za pf na ipfw ziko `sys/netpfil`. Ndani ya `sys/netinet/tcp_stacks` kuna `rack.c`, utekelezaji mwingine wa TCP wenye jina la Netflix kwenye haki miliki juu ya faili, kwani kampuni hiyo inaendesha seva zake za kusambaza video juu ya FreeBSD.

`sys/ufs` ni mfumo wa faili wa UFS. `sys/fs` ina mingine kama tmpfs na msdosfs. `sys/geom` inashughulikia diski na partisheni. `sys/dev` ni draiva. Yanayotegemea aina ya kichakato yako `sys/amd64`, `sys/arm64`, `sys/riscv` na wenzake. Na `sys/sys` ni faili za vichwa zinazosakinishwa `/usr/include/sys`. Kila unapoandika `#include <sys/types.h>` kwenye programu yako ya C, ndiko inakotoka.

Hatua ya 6: Fuata amri moja mpaka chini

Hapa ndipo penye elimu. Usipite haraka. Anza kwa kuangalia `mkdir` inaiomba nini kerneli:

```
$ truss mkdir /tmp/jaribu
```

Kati ya mistari mingi ya maandalizi utaona `mkdir("/tmp/jaribu",0777)`. Fungua `bin/mkdir/mkdir.c` uitafute hiyo 0777. Utakuta `omode` inapewa `S_IRWXU | S_IRWXG | S_IRWXO`, kisha chini `mkdir(*argv, omode)` inaitwa. Ruhusa hizo zitapunguzwa na umask (kichujio cha ruhusa za faili mpya) ndani ya kerneli, si hapa.

Funksheni hiyo ya `mkdir()` iko maktaba ya C, lakini ukienda `lib/libc/sys` utakuta ukurasa wa mwongozo `mkdir.2` bila faili yoyote ya C. Kijisehemu cha kuingia kerneli huzalishwa wakati wa kujenga, kutokana na orodha ya wito zote za mfumo, yaani maombi ambayo programu inaweza kuipa kerneli. (Kuanzia toleo la 15 sehemu hii imehamia `lib/libsys`.) Orodha mama ni `sys/kern/syscalls.master`. Tafuta namba 136, ambayo ni ya `mkdir`:

```
136	AUE_MKDIR	STD {
		int mkdir(
		    _In_z_ const char *path,
		    mode_t mode
		);
	}
```

Kutokana na faili hii huzalishwa `init_sysent.c`, `syscalls.c`, `sys/sys/syscall.h` na nyingine, kila moja ikiwa na onyo juu kwamba isihaririwe kwa mkono. Ukitaka kuongeza wito, unahariri orodha mama kisha unaendesha `make sysent` ndani ya `sys/kern`.

Wito unaoitwa `mkdir` hutekelezwa na funksheni iitwayo `sys_mkdir`. Sasa tumia faida ya mtindo wa uandishi wa FreeBSD, ulioelezwa kwenye style(9): aina ya jibu huandikwa mstari wake, na jina la funksheni huanza mwanzo kabisa wa mstari unaofuata. Kwa hiyo alama ya `^` inakupeleka pale funksheni ilipoandikwa na kuacha mamia ya pale inapoitwa:

```
git grep -n '^sys_mkdir(' sys
git grep -n '^kern_mkdirat' sys
```

Zote mbili ziko `sys/kern/vfs_syscalls.c`. Ya kwanza haifanyi kitu ila kuiita ya pili. Ndani ya `kern_mkdirat` utaona jina likitafutwa kwenye njia, umask ikitumika, ulinzi ukiulizwa, kisha `VOP_MKDIR`.

Na hapa ndipo wanaosoma hukwama. Tafuta mahali `VOP_MKDIR` ilipoandikwa na hutapaona popote kwenye mti. Nayo huzalishwa: `sys/kern/vnode_if.src` inaorodhesha vitendo vyote ambavyo mfumo wa faili unaweza kuombwa, na `sys/tools/vnode_if.awk` inavigeuza kuwa C wakati wa kujenga kerneli. Ukishajenga GENERIC utaiona `vnode_if.c` chini ya `/usr/obj`. Unachotaka hasa ni nani anaitikia kitendo hicho:

```
git grep -n 'vop_mkdir.*=' sys
```

Utapata orodha ya mifumo ya faili yote: `ufs_mkdir`, `tmpfs_mkdir`, ile ya ZFS ndani ya `sys/contrib/openzfs`, na wengine. Chagua unaoutumia. Mimi nashauri UFS kwa mara ya kwanza, kwa sababu inasomeka. Ndani ya `sys/ufs/ufs/ufs_vnops.c`, `ufs_mkdir` inaomba inodi mpya (rekodi ya faili au saraka kwenye diski), inaipa hesabu ya viungo 2, na inaongeza hesabu ya saraka mama kwa 1. Ya mama huongezeka kwa sababu saraka mpya ina `..` inayoielekea. Ndiyo namba ile unayoiona safu ya pili ya `ls -ld`: tengeneza saraka ndogo tatu ndani ya saraka tupu kwenye UFS, namba itapanda kutoka 2 hadi 5. Umeifuata amri kutoka kidoleni mpaka kwenye inodi.

Rudia njia hii kwa `fork` au `socket`. Ramani ni ileile.

Hatua ya 7: Tafuta draiva ya kifaa chako

Endesha `pciconf -lv`. Kompyuta nyingi za bei nafuu zina kadi ya mtandao ya Realtek, nayo itatokea kwa jina `re0`. Ondoa namba, ubaki na `re`, kisha angalia sehemu tano: msimbo `sys/dev/re/if_re.c`, ukurasa `share/man/man4/re.4`, moduli `sys/modules/re/Makefile`, mstari wa `device re` ndani ya `sys/amd64/conf/GENERIC`, na mstari wa `dev/re/if_re.c` ndani ya `sys/conf/files`. Huo wa mwisho ndio unaoamua faili ipi inaingia kerneli: zenye neno `standard` huingia daima, zenye `optional re` huingia kama umetaja kifaa hicho kwenye usanidi.

Ndani ya draiva anza na `re_devs`, jedwali la vifaa inavyovitambua. Kisha `re_probe`, inayouliza kama kifaa ni chake, na `re_attach`, inayokiandaa. Mwisho wa usomaji tafuta `DEVMETHOD` na `DRIVER_MODULE`. Hapo draiva inajitambulisha kwa basi ya PCI. Ukikutana na `device_if.h` na huioni, ujue nayo huzalishwa, safari hii kutoka `sys/kern/device_if.m`.

Hatua ya 8: Badilisha kitu

Kusoma bila kugusa hakukai kichwani. Ndani ya `bin/mkdir/mkdir.c`, tafuta `vflag` inapochapisha jina la saraka kwa `"%s\n"`, uandike `"nimeunda %s\n"`. Kisha:

```
cd /usr/src/bin/mkdir
export MAKEOBJDIRPREFIX=$HOME/obj
make
$(make -V .OBJDIR)/mkdir -v /tmp/jaribu2
```

Hukuhitaji kujenga mfumo mzima, na `/bin/mkdir` ya mashine haijaguswa. Kwa kerneli, usihariri GENERIC. Tengeneza faili mpya pembeni yake, mstari wa kwanza `include GENERIC`, wa pili `ident JARIBIO`, kisha ujenge kwa `make buildkernel KERNCONF=JARIBIO`. Fanya hayo kwenye mashine pepe. Kerneli isiyowaka kwenye mashine unayoitegemea kwa kazi itakuchelewesha bure. Saraka ndogo za `tests` zina majaribio yanayosakinishwa `/usr/tests`, na unaweza kuendesha ya amri moja tu kwa kutumia `kyua`, chombo cha kuendesha majaribio:

```
kyua test -k /usr/tests/bin/ls/Kyuafile
```

Ukipata hitilafu ya kweli na ukairekebisha, andika maelezo ya badiliko yanayosema kwa nini, si nini tu. `git log` ya faili yoyote ya `sys/kern` itakuonyesha wenzako wanavyoandika. Marekebisho madogo yanapokelewa kwa ombi kwenye GitHub, makubwa hupitiwa kwenye reviews.freebsd.org, na ripoti za hitilafu ziko bugs.freebsd.org. Angalia faili ya `MAINTAINERS` kuona kama sehemu hiyo ina mwenyewe anayetaka kuulizwa kwanza. Na kama badiliko lako limegeuza tabia ya amri, rekebisha ukurasa wake wa mwongozo kwenye badiliko hilohilo, usisahau kusogeza tarehe iliyo kwenye mstari wa `.Dd`.